Shangazi, mama anataka nitoe ushuhuda kanisani na mimi siamini tena

Shikamoo shangazi, na mbukwenyi wasomaji wote.

Mi ni binti wa miaka 31, kwetu ni Mvumi ila naishi hapa Dodoma mjini, nimepanga chumba na sebule Nkuhungu, kazi yangu ni uhasibu. Naomba usitaje jina langu maana ukoo wetu ni mkubwa na wengi wanasoma hapa.

Nimezaliwa na kukulia Anglikana, nimebatizwa mtoto, nimepata kipaimara, nimeimba kwaya ya vijana mpaka namaliza kidato cha nne. Baba alikuwa mzee wa kanisa mpaka anafariki, mama ni kiongozi wa akina mama pale kanisani mpaka leo. Kwaiyo dini naijua, nyimbo nazijua zote, hata nikiwa naosha vyombo naimba sauti ya pili.

Alafu sijui nisemeje shangazi, imani iliisha. Watu wakisikia ivo wanadhani kuna mchungaji alinifanyia kitu kibaya au kuna maombi hayakujibiwa, kila mtu anataka kujua nani kakuumiza, na mi hakuna aliyeniumiza. Ilienda taratibu kama dumu lenye tundu dogo chini, siku unakuja kuliinua unakuta jepesi. Kama miaka mitano iliyopita nilipiga magoti usiku kusali kama kawaida, katikati ya sala nikajisikia naongea peke yangu chumbani. Nikanyamaza. Kesho yake nikajaribu tena, nikajaribu mwezi mzima, nikafunga kula siku tatu, nikaenda mpaka kwenye maombi ya mkesha, nikarudi vilevile. Sina hasira na Mungu wala na kanisa, simuoni tu, na siwezi kujilazimisha kumuona.

Miaka yote nimeficha. Mtu pekee anaejua ni mchumba wangu.

Sasa mwaka huu mwezi wa tano mama aliumwa. Kumbe alikuwa na kivimbe kwenye kizazi muda mrefu anavumilia na dawa za maumivu, siku akaanguka shambani wanavuna mtama, wakampakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili mpaka barabarani, akaletwa mjini akafanyiwa upasuaji. Bima hana. Nilikopa laki tisa kwenye kikoba chetu, mjomba akauza ng'ombe wawili mnadani, mdogo wangu wa kiume na kijana mmoja jirani yetu wakatoa damu, akina mama wa kanisani walikuwa wanapokezana kuleta uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, kuna mmoja alikuwa anapanda gari la kwanza kutoka Mvumi saa kumi na moja alfajiri ili uji ufike wa moto. Mi nililala nae wodini siku 11. Daktari aliyempasua alipita kumuona hata siku ambayo haikuwa zamu yake. Mama amepona, anatembea, ameanza hadi kufagia uwanja.

Jumapili ya mwisho wa mwezi huu kuna ibada ya shukrani. Mbuzi ameshanunuliwa, kwaya itaimba, ukoo wote unakuja. Na mama amesema mimi ndo nitoe ushuhuda kwa sababu ndo nilikuwa nae, nisimame mbele nieleze jinsi Bwana alivyotenda. Alinipigia akanisomea mpaka andiko alilonichagulia. Nkamwambia sawa mama. Nilipokata simu nikakaa kwenye ndoo pale nje nikalia mpaka mpangaji mwenzangu akatoka kuniuliza nimefiwa na nani.

Naomba nikueleze na hili maana ndo linaniuma zaidi. Wiki mbili zilizopita nilienda nyumbani, mama alipika mwenyewe ugali wa uwele na mlenda, tumekaa wote jikoni, akasema leo dada yenu atuombee chakula. Mikono yote ikanyooshwa juu ya sufuria, macho yamefumbwa, mlenda unatoa mvuke, na mi nimekaa kimya. Yale maneno nayajua tangu nina miaka minne shangazi, yakakataa kutoka, niliona nikiyasema namdanganya mama juu ya chakula alichopika na kidonda bado hakijakauka vizuri. Mjomba akakohoa. Mwisho mdogo wetu wa mwisho akadakia akaomba yeye. Tukala, hakuna aliyesema kitu. Mama alinitazama mara moja tu, akanisogezea bakuli.

Zamani kila Jumapili jioni alikuwa ananipigia kuniuliza umesali wapi leo. Tangu Pasaka haniulizi tena, siku hizi ananiuliza umekula nini.

Na kuna hili la mchumba. Ni mtu wa Kondoa, Muislamu anaeswali haswa. Yeye hajanilaumu, ila mama yake anataka nisilimu kwanza ndo tufunge ndoa, anasema ni maneno ya dakika tano tu mwanangu. Mama yangu nae anataka kijana abatizwe. Ofisini pia kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi tunaanza na maombi, zamu inazunguka, mwezi ujao inanifikia. Alafu kwenye grupu la ukoo la WhatsApp kuna mjomba aliandika mtu asiye na dini hana tofauti na mnyama, nikaandika jibu refu nikalifuta, nikaandika tena nikafuta.

Shangazi, niseme uongo siku hiyo nimfurahishe mama, yaishe? Nimwambie ukweli nimuue? Kuna usiku nalala nawaza hata nikifa nani atanizika.

Ni mimi, binti wa Mvumi.

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu. Pole na kuuguza, pole na huo mzigo.

Kwanza ujue nani anakujibu. Mimi ni muumini, Mkatoliki wa jumuiya, rozari iko kwenye mkoba wangu hapa pembeni. Nakwambia mapema ili usije ukadhani nakupigia makofi kwa kuacha dini, na pia usiogope kwamba nakuvizia nikurudishe kwa mlango wa nyuma. Umeniuliza utaishije na watu wako, hilo ndo nitajibu.

Mama yako anajua.

Soma tena barua yako mwenyewe. Mama aliyezoea kukuuliza kila Jumapili umesali wapi, ghafla ameacha, anauliza umekula nini. Mama ambae binti yake kakaa kimya juu ya sufuria, hakukaripia, hakuuliza, akasogeza bakuli. Hawezi kuwa hajui. Mama aliacha kuuliza kwa kuwa anaogopa jibu, na pengine hakutaka akulazimishe kumdanganya. Na huu ushuhuda alioupanga nadhani ni njia yake ya kukuuliza bila kukuuliza, anatumaini ukisimama pale mbele maneno yatarudi. Usimuone mjanja, mwonee huruma.

Ukitaka kuongea nae vizuri lazima ujue anaogopa nini. Ninyi mnaoacha kuamini mkija kuongea na wazazi mnajiandaa kama mnaenda kwenye mdahalo, mmebeba hoja za uumbaji na za sayansi, na mzazi hana habari na hoja hizo. Mimi kama muumini nakwambia linalomkosesha mama usingizi: anaogopa hatakukuta. Baba yako katangulia, yeye anaamini siku moja wataonana, na anahesabu wanae kama mtu anaehesabu watoto kwenye gari kabla halijaondoka stendi ya Sabasaba, sasa kila akihesabu anakuta mmoja hayupo. Hiyo ndo hofu, na huwezi kuiondoa. Wewe huamini kwamba kuna huko mbele, na yeye haamini kwamba hakuna. Lakini unaweza kuiheshimu, ukaiacha ikae pale kati yenu bila kuicheka na bila kujifanya haipo.

Hofu ya pili ni aibu, na aibu kwetu si jambo dogo. Pale Mvumi Anglikana sio Jumapili tu. Dayosisi ya Central Tanganyika imeanza 1927, ukiangalia shule, ukiangalia hospitali, ukiangalia nani alimfundisha bibi yako kusoma, utalikuta kanisa kila mahali. Uji uliokuwa unafika wa moto asubuhi ulipita kwenye mlango huohuo. Kwaiyo mama akisikia binti yake hayumo, anasikia kama umetoka kwenye ukoo. Kazi yako miaka yote inayokuja ni kumuonyesha kwamba ukoo hujatoka, na hilo halifanyiki kwa maneno, linafanyika msibani, kwenye michango, kwenye kulala na mgonjwa wodini siku 11, ambalo umeshalianza.

Na lile la kuzikwa nataka nikae nalo kidogo, maana najua wengi wanaoliwaza usiku na hawathubutu kuliuliza.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Mpwapwa. Wamisionari walishafika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, kwaiyo hawezi kusema hakusikia injili, alisikia, akaikataa kwa adabu mpaka anakufa. Baba yangu alikuwa kiongozi wa kigango, sisi wajukuu wote tumebatizwa, babu hapana. Kijijini walimwita mpagani. Krismasi anachinja mbuzi, anakaa chini ya mbuyu anatusubiri tutoke kanisani tuje tule. Sisemi babu alikuwa kama wewe, yeye alikuwa na matambiko yake na mambo ya wazee, lakini kwenye macho ya kanisa mlikuwa kundi moja.

Alipokufa nilikuwa na miaka 12. Katekista alisema wazi kwamba ibada hataongoza, hana ruhusa. Niliogopa sana, nilidhani babu atatupwa. Basi nikamuona baba, na suti yake ileile ya kusomea masomo Jumapili, anavua koti, anampa mama alishike, anachukua jembe anakuwa wa kwanza kuchimba. Udongo wa kule mgumu, mwekundu, lile jembe lilikuwa linalia kama linagonga bati. Wakapokezana mpaka jioni. Mzee mmoja wa ukoo akasema maneno, akamtaja babu na baba zake mpaka wa juu. Na yule katekista nilimuona, alikuja na shati la kawaida, bila kitabu, akachota udongo kwa mkono akamwaga kama watu wengine, akakaa tanga siku zote tatu. Mwanangu, utazikwa na watu uliowazika. Hata anaekunyima sala hakunyimi udongo. Kama una maneno unayoyataka au usiyoyataka siku hiyo, yaandike mpe mdogo wako ayahifadhi, alafu lala usingizi.

Turudi kwa mama. Usimwambie yote kabla ya Jumapili ile. Mtu ametoka kupasuliwa, ana wageni, ana mbuzi wa kuchinjwa, ukimwaga yote sasaivi hata ukiwa na haki utakuwa umechagua siku mbaya. Na usimwambie kwa simu, na kwa WhatsApp ndo usithubutu kabisa, meseji inasomwa na watoto wa jirani. Subiri akae sawa, mwezi mmoja au miwili, uende peke yako, siku ambayo hakuna mgeni, ukae nae kwenye kazi ya mikono, mtu akichambua mboga anasikia vizuri kuliko akikutazama usoni. Umwambie kwa maneno mafupi. Mfano, mama, unajua siku nyingi sisali, sijakasirika na mtu, hakuna aliyenikosea, imani imeniishia na nimejaribu kuirudisha haikurudi, sikutaka uje usikie kwa mtu mwingine, na mimi ni mwanao vilevile. Hapo unyamaze. Atalia. Atasema tuombe, na akiomba kwa ajili yako we mwache aombe, kaa hapohapo, sala ya mama ni mama anaongea kuhusu wewe na hofu yake, kuisikiliza hakukugharimu kitu. Akikwambia utarudi tu, usibishane, mwambie nimekusikia mama.

Sasa mpaka uko wapi, maana kila siku utaalikwa kwenye kitu. Kipaimara cha mtoto wa dada, misa ya arobaini, ibada ya nyumba kwa nyumba, maulidi kule Kondoa. Nenda. Kuhudhuria sio kukiri. Simama wakisimama, imba kama unapenda kuimba, hiyo sauti ya pili ni yako uliyolelewa nayo na hakuna mtu wa kukunyang'anya. Osha sufuria, beba viti, changa. Mpaka wako uwe kwenye mdomo wako wewe, pale unapotakiwa kusema kwa niaba yako mwenyewe kitu ambacho sicho. Hapo ndo ukae kimya kama ulivyokaa juu ya ule mlenda, na mimi sikuona ubaya kwenye ule ukimya, niliona mtu anaemheshimu mama yake na Mungu wa mama yake kuliko anaepayuka maneno matupu.

Na ndo maana nashindwa kukubaliana na mama mkwe wako mtarajiwa, pamoja na kwamba najua anakupenda. Dakika tano ni kweli, lakini angalia neno lenyewe. Shahada, ushahidi, ushuhuda, yote hayo ni mzizi mmoja, mtu anasema alichokiona na anachokijua yeye. Muislamu wa kweli kama mchumba wako anajua shahada ya kusema ili upate mume ni kitu gani. Na yeye akienda kubatizwa ili mama yako atulie itakuwa vilevile. Watu wanafanya, tunawaona kila mwaka, mtu anabadilishwa jina Ijumaa anaolewa Jumamosi, alafu miaka kumi baadae kwenye ugomvi wa ndani ndo yale maneno yanarudi, wewe si ulijifanya umesilimu.

Kuna njia ya bomani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya kiserikali sawasawa na ya kanisani na ya Kiislamu, cheti kina nguvu ileile, na hakuna anaeulizwa abadili dini. Mnapeleka taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla, inatangazwa ili mwenye pingamizi aseme, siku ikifika mnaenda na mashahidi wenu. Na jambo moja wadada wengi hawalijui, ndoa ya namna hiyo sheria inaichukulia kuwa ya mke mmoja labda ithibitike vingine, wakati ya Kiislamu au ya kimila inachukuliwa kuwa ya wake wengi labda ithibitike vingine, kwaiyo muulizane mapema mnataka ipi. Baada ya hapo dua Kondoa, sherehe Mvumi, kila mzazi atapata siku yake. Ila kabla hujamleta huyo kijana mbele ya mwenyekiti wa kamati ya michango, kaeni wawili muongee watoto. Majina, madrasa au kanisa au hakuna, nani atafunga Ramadhani na nani atapika daku, mtoto akiuliza mama mbona we husali atajibiwa nini na nani. Mchumba asiyekulaumu sasaivi ni jambo zuri sana, lakini kutokulaumu mkiwa hamna mtoto na kutokulaumu mtoto akifika miaka saba ni vitu viwili. Hili kwangu ni kubwa kuliko lile la ofisini mara kumi.

La ofisini ni dogo. Nenda kwa mkubwa wako peke yako, sio mbele za watu, mwambie naomba mniondoe kwenye zamu ya kuongoza, mimi nitafungua ofisi na kuwasha mitambo wenzangu wakiwa kwenye maombi. Huna haja ya kutoa maelezo ya imani yako. Akikubana ndo ujue kwamba Katiba yetu ya 1977 ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake, na inasema kufanya ibada ni jambo la hiari la mtu binafsi. Hata mahakamani, Sheria ya Viapo ya 1966 imemtaja kabisa mtu asiye na imani ya dini, anaruhusiwa kutoa uthibitisho badala ya kuapa kwa kitabu. Nakutajia hili kwa sababu nimeona kwenye barua yako unajisikia kama kitu kisichowahi kutokea nchini. Walioandika sheria ile miaka michache tu baada ya uhuru walishajua watu kama wewe wapo. Mnajiona wachache pia kwa sababu hakuna anaewahesabu, sensa za baada ya ile ya 1967 haziulizi dini, na mitaani kila mmoja wenu anajificha kwa mwenzake. Lakini ibara za katiba uziache mjini, usimpelekee mama yako.

Yule mjomba wa kwenye grupu, ulifanya vizuri kufuta. Alichoandika ni kibaya na kinauma. Ila grupu la ukoo halijawahi kumbadilisha mtu, na kwenye hasira unaweza kuandika neno la kukashifu Mungu wa watu, na kuumiza makusudi hisia za dini za mwenzako ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, linamhusu muumini na asiyeamini. Siku ukimkuta mjomba ana kwa ana, kama ni yuleyule aliyeuza ng'ombe, mpelekee kilo ya sukari, umwambie mjomba lile neno uliloandika liliniuma. Bila maelezo zaidi. Atajiuliza mwenyewe kwa nini likuume wewe.

Basi tuje kwenye Jumapili yenyewe.

Uliniuliza useme uongo yaishe. Haitaisha, mwanangu. Ukisimama ukasema Bwana alitenda, mama atafurahi siku hiyo, alafu mwezi ujao atakupangia jingine, na siku ukija kumwambia ukweli atakumbuka ile Jumapili na itageuka uchungu, atajiuliza binti yangu alinitazama machoni kanisani akanidanganya. Lakini pia usikatae kusimama. Ushuhuda ni kusema ulichokiona, na wewe umeona mengi, hakuna mtu kwenye lile kanisa aliyeona mengi kuliko wewe.

Mpigie mama wiki hii, mwambie mama nitasimama, ila mimi nataka kuwashukuru watu waliotusaidia, ya maombi na andiko naomba aseme mdogo wangu au mama mchungaji, wao wanayaweza. Sema ivo tu. Hatashangaa, nimekwambia anajua, na atashukuru kwamba hukumuacha peke yake mbele ya watu.

Nenda Jumamosi mapema usaidie kupika. Jumapili ukiitwa, nenda mbele, usikimbilie maneno. Sema mama alianguka siku fulani, wenye bodaboda walikuwa fulani na fulani, wataje majina. Mtaje mdogo wako na yule kijana jirani, waombe wasimame watu wawaone, mwambie mama damu yao ndo iko kwenye mishipa yako. Mtaje mjomba na ng'ombe wake wawili. Taja wenzako wa kikoba, hata kama hawapo. Taja daktari aliyepita siku ambayo sio zamu yake. Alafu mtafute kwa macho yule mama wa gari la saa kumi na moja, umwambie uji ulikuwa unafika wa moto kila siku, mi ndo nilikuwa nafungua ile chupa. Watu watasema amina, watapiga vigelegele, waache, ni lugha yao ya kupokea shukrani. Mchungaji akimalizia na sala we inamisha kichwa kama mtoto aliyelelewa vizuri, ukae karibu na mama, umshike mkono ule ambao haukuwekewa dripu, maana wewe ndo unajua ni upi.